Mpishi Asiye na Bandama

Hakuwa akionja. Hilo ndilo jambo la kwanza ambalo watu wa Bofu, mtaa wetu huku Likoni, wangekwambia juu yake, na wangekwambia kwa fahari kana kwamba kipaji chenyewe ni chao. Aliinama juu ya sufuria la pilau la watu mia mbili, akaweka sikio karibu na mfuniko, akasikiliza. Wakati huo uani kote kulikuwa kimya, hata watoto waliamriwa wafunge midomo. Akiinuka akasema "Bado," basi ni bado, na bwana harusi mwenyewe angesimama na njaa yake. Akisema "Haya," wanawake walinyanyua sahani. Nilimuuliza siku moja anasikiliza nini. Akaniambia anasikiliza maji, na maji yakinyamaza ndipo mchele unapoanza kusema. Sikumwelewa, na sidai kwamba namwelewa sasa. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi na wali wangu hutoka bokoboko.

Jina alikuwa nalo, lakini sisi hatukulitumia. Alikuwa Mpishi tu, na wadogo walimwita Ma Mpishi. Palipokuwa na harusi, aqiqa, hitima au maulidi kuanzia kwetu mpaka Shelly Beach, alitangulia yeye kupewa habari kabla ya jamaa wa damu. Alikuja alfajiri na leso mbili, moja kiunoni na moja begani, akakagua kuni, akakagua mchele, na mchele ukiwa mbaya aliurudisha dukani mwenyewe bila kumtaka ushauri mwenye shughuli. Wanaume hakutaka hata kuwaona karibu na majiko yake. Babangu mdogo alijaribu siku moja kumfundisha namna ya kupanga mafiga. Mpishi alimkabidhi mwiko, akakaa chini kwenye kibao, akamwambia, "Haya bwana, pika. Mimi leo mgeni." Ami yangu alirudisha mwiko haraka na hakukanyaga tena ua wa mapishi mpaka leo.

Alikuwa na swali moja ambalo wote tuliliogopa. Ukimkaribisha chakula, akila tonge la kwanza, alitafuna polepole, akatazama ukutani, akauliza, "Mkono wa nani huno?" Hakuuliza kwa ubaya. Alitaka tu kujua nani kapika, kama fundi cherehani anavyogeuza pindo la nguo ya mwenzake. Lakini wake za watu walitetemeka. Nimewahi kuona bibi mmoja mwenye wajukuu akisema uongo, akamsingizia mkwewe mchuzi alioupika mwenyewe.

Kwake nyumbani mambo yalikuwa mengine kabisa. Nilipoanza kuingia kwake nilitarajia kukuta makopo ya bizari hadi darini. Nilikuta jiko dogo la mafuta, birika moja, kikombe kimoja na boflo lililofungwa kwenye gazeti. Usiku na asubuhi alikula mkate na strungi, chai isiyo na maziwa. Nikamtania, "Mama, wewe ndiwe wa kula mkate mkavu?" Akacheka kidogo. "Sijui kupika cha mtu mmoja," akasema. "Nikijaribu, nazidisha. Kisha kinakaa, chanitazama." Hapo nilicheka na mimi. Nilidhani ni mzaha.

Watoto hakujaaliwa, na mume alikuwa amefariki zamani. Damu yake ya karibu ilikuwa mpwa wake mmoja wa Kisauni, dereva wa lori la kokoto huko Mwakirunge, kijana mwema asiye na nafasi. Kuja Likoni kwake ilikuwa safari. Alikuja Idi mbili tu kwa mwaka.

Nilimjua kwa miaka mingi kama sote tulivyomjua, yaani kupitia sahani. Kumjua hasa kulianza siku aliyokuja kwangu na barua ya hospitali. Mtaani kwetu, mwalimu ndiye msomaji wa barua za watu. Akabisha hodi, akakataa kukaa, akanyoosha mkono na karatasi ikiwa ndani ya mfuko wa nailoni. Mkono wenyewe ulikuwa na mabaka ya rangi ya zambarau, kuanzia kiganjani mpaka kiwiko. Nilikwisha kuyaona mabaka hayo na nilikwisha kusikia maelezo yake: kwamba shetani humfinya akiwa amelala, kwa sababu nyumba ya mtu mmoja haikai tupu. Mimi, niliyesoma, nilikuwa nimeyasikia hayo na kuyapitisha mbele.

Barua ilisema kwamba damu yake imepungukiwa sana na zile chembe zinazoigandisha. Ndiyo maana aligusa tu kipini cha sufuria na ngozi ikavilia, ndiyo maana ufizi ulitoka damu kila alipopiga mswaki. Vidonge alivyopewa kwa miezi kadhaa havikufua dafu. Vilimfurisha uso tu, mpaka watu wakasema Mpishi siku hizi anakula. Sasa madaktari walitaka kumtoa bandama, ambalo wengine huliita wengu. Nikamsomea yote hayo kwa Kiswahili. Akaangalia mlango.

"Wasema kuwe na mtu wa kwenda nami," akaniambia. "Wewe wajua kuwasikiza."

Basi nikaenda. Daktari alikuwa mwanamke kijana, wa kutoka bara, mpole, mwenye haraka. Alichora tumbo kwenye karatasi. Alieleza kwamba bandama lake ndilo linalokamata chembe zile na kuzimaliza, na kwamba hawatampasua tumbo zima kama zamani. Watamtoboa matundu manne. Tumbo litajazwa hewa lipate nafasi, kamera nyembamba itaingia tundu moja, vyombo vitaingia matundu mengine, nao watatazama kwenye tivii.

Mpishi alisikiliza kwa namna ile ile ya sufuriani, kichwa kimeinama upande.

"Daktari," akauliza, "waniambia tundu ni kama kifungo cha shati. Hilo bandama mtalitoa wapi?"

"Tunaliweka kwa mfuko, ndani huko huko, mama. Tunalivunjavunja likiwa ndani ya mfuko, halafu tunatoa kidogo kidogo."

"Ah," akasema Mpishi. "Kama nyama ya kaa kwenye gando."

Daktari aliweka kalamu chini akacheka. Tangu hapo waliaminiana. Walimpiga chanjo zake mapema, wakampangia siku, na asubuhi ya siku yenyewe alinipa leso zake nimshikie, akaingia na wauguzi huku akiwauliza nani anawapikia.

Siku ya tatu alikuwa nyumbani. Na hapa ndipo palipotokea lile ambalo sisi watu wa Bofu tumelifanya, nami nimo.

Kwetu mgonjwa haachwi. Mtu akipasuliwa, nyumba yake hujaa. Watu huja na uji wa ngano, na mchuzi wa kuku, na mkate wa mofa, na vyombo hugongana mlangoni. Lakini kwa Mpishi hakuja mtu. Kwanza, ile kazi haikuonekana. Alitembea mwenyewe kutoka kwenye tuktuk. Tumbo halikuwa na mshono wa kuogofya, ila plasta nne ndogo. Ukimuuliza anaumwa wapi, alishika bega, kwa kuwa ile hewa waliyomjaza huacha maumivu begani kwa siku chache. Daktari alikuwa ametwambia hivyo, lakini mtaani likawa kichekesho: kapasuliwa tumbo, anaumwa bega! Mama Kioko, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, mke wa kuli wa bandarini, aliniuliza kwa nia safi kabisa, "Mwalimu, si walimfanyia tu ile ndogo ya tivii?"

Sababu ya pili ndiyo kubwa. Nani angempelekea Mpishi chakula? Niliwasikia kwa masikio yangu. Mmoja alisema atapika halafu akaona wali wake umeshika moto kidogo, akawapa watoto. Mwengine alisema atamngojea dada yake anayejua mchuzi. Kila mwanamke mtaani alikuwa na sufuria aliloliinua kisha akalirudisha, kwa kuogopa aulizwe mkono wa nani huno. Tuliona haya, tukaiita haya yetu heshima. Na mwanamke aliyelisha mtaa mzima alikaa siku zake za uuguzi na boflo na strungi, akiwa amejiegemeza ukutani, mlango wazi, akisikiliza nyayo za watu wakipita.

Mimi nilikwenda. Nasema hivyo haraka ili nijitetee, kisha nitasema mengine. Nilikwenda mikono mitupu, kwa haya ile ile.

Nilikwenda kwa sababu ya ahadi. Siku ya kutoka hospitali, daktari alikuwa ametukalisha sote wawili. Alimwambia Mpishi kwamba bandama, pamoja na makosa yake, lilikuwa likimsaidia kupigana na viini vya maradhi, na sasa halipo. Homa yoyote, hata ndogo, hata akidhani ni malaria ya kawaida, asinywe panadoli akalala. Aje hospitali saa ile ile. "Unaweza kulala usiamke, mama," akamwambia wazi. Kisha akauliza, "Unaishi na nani?"

"Peke yangu."

Daktari aligeuka. Alinitazama mimi. Hakuna aliyenishurutisha. Nikasema, "Nitapita kila jioni nikitoka shule."

Walimpa na kipimajoto. Alikitia kwenye kopo la iliki, na hakukiamini. "Mimi siku zote nna homa," alikuwa akinitania. "Miaka thalathini juu ya moto, mwanangu, homa ntaijuaje?" Nilikasirika kila aliposema hivyo, nikamshika paji la uso mwenyewe. Alitulia, akafumba macho. Nadhani, na hili nimelifikiri baadaye sana, hakuna mtu mwengine aliyekuwa akimgusa.

Mwezi wa kwanza sikukosa. Shikamoo Mama, marahaba mwanangu, mkono kwenye paji, habari mbili tatu, kwaheri. Alizoea saa yangu. Nilikuta kikombe cha pili mezani, kipya, bado kina karatasi ya duka chini yake. Mwezi wa pili nilianza kuruka siku moja moja. Mwezi wa tatu ukaja na mitihani na madaftari, na mamangu akaja kukaa kwangu. Nikawa napita njia ya barabarani badala ya kichochoro, kwa sababu kichochoroni angeniona. Nilijiambia ameshapona. Alikuwa amerudi jikoni, daktari alikuwa ameridhia, chembe zake zilikuwa zimepanda na mabaka yameondoka mikononi. Watu wakamwita harusi hii na harusi ile. Mtu aliyezungukwa na umati vile, nikasema, ana haja gani na mimi?

Mara ya mwisho kusema naye ilianzia kwenye harusi. Mwanafunzi wangu wa zamani alikuwa anaolewa, mtaa wa nyuma ya kwetu, nami nilialikwa. Nilifika karibu na adhuhuri, nikaingia uani kumsalimu Mpishi kwanza, kwa kuwa hata mvunja ahadi ana adabu zake. Siku kumi na moja zilikuwa zimepita bila ya mimi kwenda kwake. Nilikuwa nimezihesabu njiani, nikitafuta udhuru wa kutosha.

Alikuwa amesimama kwenye sufuria kubwa. Leso zilikuwa tatu: moja kiunoni, na mbili begani, zimevutwa mpaka shingoni. Jua la saa sita, moto mbele yake, wanawake wote uani wanatiririka jasho, na yeye amejifunika.

"Shikamoo, Mama. Waona baridi?"

"Marahaba. Kaupepo tu."

Upepo haukuwako. Nikamshika paji la uso mbele za watu. Nimeshika watoto wengi wa shule wenye malaria, lakini joto lile lilinifanya nirudishe mkono.

"Tangu lini?"

"Ni moto huno, mwanangu. Mpishi nshazoea."

"Mama, tangu lini?"

Akanitazama. Midomo ilikuwa mikavu. "Jana magharibi."

Nikasema twende, sasa hivi. Akasema haendi mahali mpaka apalie, yaani atandaze makaa juu ya mfuniko wali ujikaushie, na kwamba maji bado hayajanyamaza. Nikamvuta mkono. Akaukaza. Mama wa bibi harusi akaja na tabasamu la shughuli. "Mwalimu, mwache amalize kidogo tu, wageni wa kiume washakaa." Hapo hasira zikanipanda, hasira nyingi zaidi ya alizostahili yule mama, kwa sababu nusu yake ilinistahili mimi mwenyewe. Nikapiga kelele, "Hana bandama huyu! Hana bandama! Homa hii yaweza kumuua leo!"

Kisha mtu mmoja nyuma akachekacheka, kwa kutojua afanye nini. Aliyeelewa ni Mama Kioko. Aliacha kisu na vitunguu, akatoka mbio na mikono yake inayonuka, nikamsikia barabarani akiita tuktuk kwa sauti ya kuogofya. Akarudi, akamshika Mpishi upande wa pili, na sote wawili tukambeba karibu juu juu. Miguu yake haikuwa na nguvu hata kidogo. Sijui alikuwa amesimama kwa kitu gani. Na njia yote mpaka mlangoni alikuwa amegeuza kichwa nyuma, akiwaagiza: makaa ya vifuu, si ya kuni, wasiyazidishe, wasifunue, wallahi yeyote atakayefunua!

Hospitali ya huku kwetu walimpokea upesi nilipowaeleza. Walimtundikia dripu ya dawa kabla hata ya kumaliza kuniuliza maswali. Daktari wa zamu akaniambia tumemleta ukingoni, na jioni ingekuwa hadithi nyengine. Nilisikia fahari. Nasema kweli, nilisikia fahari. Nikakaa kando ya kitanda nikimngojea afumbue macho, na nadhani nilikuwa nikingojea shukrani.

Alipofumbua aliuliza wali ulitokaje. Nikamwambia sijui.

"Jana nilikaa na mlango wazi," akasema. "Mwili ulipoanza kutetema, nikanena, Mwalimu atapita. Nikangoja mpaka isha."

"Nisamehe, Mama. Lakini leo si nimekuja?"

"Leo umekuja harusini."

Hakusema kwa ukali. Alisema kama anavyosema "Bado," au "Haya," juu ya sufuria. "Lau walikualika kwengine leo, ningekufa nikikoroga, na watu wangekula."

Nikaanza kulia, na machozi yangu yakawa kazi nyengine kwake, kwa kuwa alinyanyua mkono usio na sindano akanipapasa. Nikamwambia nitakuja kesho, nitakuja kila siku, safari hii wallahi...

"Nshakusamehe zamani," akanikata. "Ila usin'ahidi tena, mwanangu. Ukiahidi, nangoja."

Kesho yake sikwenda. Ningependa kusema nilikuwa na kazi, lakini nilikuwa nyumbani nimekaa. Niliona haya kumtazama usoni. Siku ya pili nilifika mpaka lango la hospitali nikageuza njia. Siku ya tatu nikaamka mapema, nikapika uji kwa mkono wangu huu, nikautia kwenye chupa, nikaenda kabla ya kujifikiri.

Kitanda chake kilikuwa kimetandikwa shuka safi. Nikadhani amefariki. Muuguzi aliyeniona nimesimama pale akaniwahi kusema hapana, hapana, mama huyu ameruhusiwa, mpwa wake amekuja asubuhi akamchukua kwake Kisauni, na mama mwenyewe amesema harudi Likoni.

Nikamuuliza kama aliacha neno lolote.

"Aliacha," akasema muuguzi. "Alisema kama kuna mtu atakayekuja kumtazama, aambiwe homa imeshuka."

"Mtu gani? Alisema nani?"

Muuguzi akafikiri, akatikisa kichwa. "Hakutaja jina. Alisema tu, kama kuna mtu."